Kipimo Kimoja, Maana Mbili: Kisa cha Wapenzi wa Treni za Mfano Waliokutana Nairobi

Majina ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya kazi na makazi yao yamebadilishwa ili wasitambulike. Wote waliokuwepo wamesomewa uchambuzi huu na kuuridhia kabla haujatoka.

Usuli

Treni ya mfano si ile ya plastiki inayozunguka sakafuni mpaka betri iishe. Ni injini na mabehewa yaliyopunguzwa kwa hesabu moja isiyobadilika. Ukichagua 1:87, kila mita 1 ya kweli inakuwa milimita 11 na nusu mezani, iwe ni gurudumu, mlango wa stesheni au mwembe ulio kando ya jukwaa. Ulaya na Marekani mchezo huu una viwanda, maduka na vyama vilivyodumu vizazi na vizazi. Huku kwetu hakuna duka unaloweza kuingia ukanunua behewa la abiria la East African Railways. Anayetaka behewa hilo analichonga mwenyewe usiku, watoto wakishalala, akitazama picha za zamani na kupiga hesabu.

Kundi letu la WhatsApp lilizaliwa na upweke huo. Lina watu 19, na kwa miaka miwili halikuwa na lolote ila picha, maswali na kutiana moyo. Mtu akituma picha ya dirisha moja alilokata vizuri, watu kumi wanampongeza. Tulipendana haraka sana, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amezoea kuulizwa na jirani, "Na hii inakusaidia nini?"

Katika kisa hiki tuko watano.

Mimi naishi Nairobi. Najenga reli mpya, ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017.

Fundi ana kibanda cha kutengeneza redio na simu Dar es Salaam, na asili yake ni Same. Anajenga Reli ya Kati. Mataruma yake, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli, anayakata kutoka vibao vya saketi vya redio mbovu, kisha anaziunga reli juu yake kwa risasi ya kuyeyusha, taruma moja baada ya jingine. Sijawahi kuona mkono mtulivu kama wake.

Dada ni muuguzi Mkenya anayeishi karibu na Manchester. Aliingia siku moja katika jumba la makumbusho la jiji hilo akakuta injini ya mvuke aina ya Garratt, ya Afrika Kusini, imesimama ndani, na hapo ndipo alipojua kwamba zile injini kubwa alizokuwa akisimuliwa na nyanya yake wa Ukambani ziliundwa Gorton, mtaa anaopita akienda kazini. Tangu siku hiyo anajenga Garratt ya daraja la 59. Daraja hilo lilikuwa na injini 34, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja ina uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda iliyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani.

Mzee ni wa Mombasa. Aliajiriwa na reli mwaka 1970 kama mchochea moto kwenye Garratt hizo hizo, baadaye akawa dereva wa dizeli, akastaafu. Hajengi chochote. Kazi yake katika kundi ilikuwa kujibu, na majibu yake yalikuja kwa maandishi marefu, koma na nukta mahali pake. Tulimheshimu hadi tukamwogopa kidogo.

Wa tano ni kijana wa Kampala, mwanafunzi, aliyekuwa akitengeneza mabehewa kwa kadibodi. Kwa kupaka rangi alitushinda sote.

Maamuzi kabla ya kukutana

Miezi mitatu kabla ya Agosti 2024 Dada aliandika kwamba anakuja nyumbani kwa likizo. Fundi akasema atapanda basi. Mzee akasema, kama Mungu akipenda, atakuja na mjukuu wake kwa treni. Kijana wa Kampala akaandika, "Nitajitahidi." Nikajitolea kuwa mwenyeji.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Fundi: tusikutane ili kupiga soga tu, kila mmoja aje na kipande. Kipande chenyewe ni ubao wa plaiwudi wa sentimita 120 kwa 40, wenye reli inayoingia upande mmoja na kutokea mwingine. Ukiviunga vipande hivyo unapata njia moja ndefu, na treni ya Dar inaingia Nairobi. Wazo hili linatumika sana Ulaya, na lina faida ambayo sikuiona mapema: linawapa watu wasiojuana kazi ya mikono.

Tukaja kwenye vipimo. Nayanukuu mazungumzo yale yote, kwa sababu ni mafupi. Niliandika, "Tukubaliane kipimo." Fundi: "1:87." Dada: "1:87, sawa." Nikaweka dole gumba. Basi. Haikufika dakika moja.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Dada, na uliniuma. Nilikuwa nimemwandalia chumba kwangu, mke wangu ameshabadilisha mashuka. Akanijibu, "Kaka, nashukuru sana, lakini nitalala kwa dada yangu. Na siku ya kwanza tukutane mahali penye watu." Akaomba pia tuzungumze kwa simu ya video, wote wanne, kabla hajakata tiketi. Kwetu mgeni aliyetoka mbali akienda kulala kwingine huku una nafasi, majirani watauliza umemfanyia nini. Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Mke wangu ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Binti yako angeenda kulala kwa mwanaume aliyemjua kwa simu, ungesema nini?" Nikajibu kwamba tutakutana kwenye Jumba la Makumbusho la Reli, karibu na stesheni kuu, saa nne asubuhi.

Kuhusu pesa hatukuamua chochote. Watu walianza kumtumia Dada maombi: reli, magurudumu, ndoano za kuunganishia mabehewa, rangi za aina fulani zisizopatikana huku. Hadi wiki ya safari orodha ilikuwa na vitu kumi na kimoja kutoka kwa watu sita, mimi nikiwemo. Alivinunua vyote kwa pesa zake, na hakuna aliyemuuliza vimegharimu kiasi gani.

Siku ya kwanza: makumbusho

Nairobi ya Agosti ni baridi, na Mzee alifika amevaa koti zito lililofungwa hadi shingoni, mkono wake ukiwa begani kwa mjukuu wake, binti wa miaka kumi na tisa hivi. Fundi alimkimbilia. "Shikamoo Mzee!" "Marahaba." Mzee akanyoosha mkono, lakini aliunyoosha pembeni, hatua moja kutoka aliposimama Fundi.

Ndipo tukaelewa. Presha ya macho ilikuwa imemchukulia sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Miaka miwili yote mjukuu ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe, akimweleza picha, na kuandika majibu aliyotajiwa. Koma na nukta zilikuwa za mjukuu. Hakuna aliyetudanganya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Lakini tulisimama pale midomo imetukauka, kila mmoja akikumbuka picha alizomtumia Mzee akimwomba atazame vizuri.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzito. Watu tuliokuwa tukiandikiana usiku kucha hatukuwa na la kusema. Dada alikuwa karibu na dada yake, Fundi anatazama viatu, mimi nauliza habari za safari kwa mara ya tatu. Fundi alikuwa na la kusimulia: Namanga walimtaka afungue sanduku lake, kwa sababu nyaya na vibao vya saketi vilionekana vibaya kwenye mashine, na basi zima lilimngoja akiwaonyesha maafisa reli yenye urefu wa mkono.

Kilichotufungua ni chuma. Makumbusho yale yaliyofunguliwa mwaka 1971 yana Garratt mbili za daraja la 59, na ndizo zilizobaki katika zote 34: namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena. Fundi alipolisoma jina la pili alinyamaza, kisha akasema, "Huu ni mlima wetu. Nimezaliwa nikiuona." Shengena uko Upare. Alikuwa amesafiri kutwa nzima kuja kukuta mlima wa kwao umeandikwa ubavuni mwa injini Nairobi.

Mzee aliomba kupelekwa Mount Gelai. Tulimpandisha ngazi mimi na Fundi, mmoja mbele mmoja nyuma, na alipoingia chumba cha dereva hakuhitaji mtu tena. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye vali. Hii ya mafuta. Hii ya mvuke. Hapa nilikaa mimi, pale dereva. Alitueleza jinsi mzigo wa tani 1,200 ulivyopandishwa kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, na jinsi alivyoujua moto kwa moshi: ukiwa mweusi unapoteza mafuta, ukikosekana kabisa hewa imezidi na joto linashuka. Tulikaa mle saa moja na nusu. Tulipotoka tulikuwa tumeshakuwa marafiki, na sote tulijua.

Kijana wa Kampala hakufika. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Siku ya pili: mezani

Ukumbi ulikuwa wa jengo tunaloishi. Tulifungua masanduku saa tatu, na kufika saa tatu na nusu tulijua kwamba reli zetu haziungani.

Reli yangu ilikuwa na upana wa milimita 16.5. Ya Fundi, milimita 12. Na hakuna aliyekosea. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435, na ukigawa kwa 87 unapata 16.5. Reli ya Kati na reli ya zamani ya Mombasa zina upana wa mita moja, na ukigawa kwa 87 unapata 11.5, ambayo duniani kote huwekwa kuwa 12. Sote tulikuwa tumefuata 1:87 kwa uaminifu. Mimi niliposema "kipimo" nilimaanisha hesabu ya kupunguza na upana wa reli kwa pamoja, kwa sababu kichwani mwangu upana ulikuwa mmoja tu. Fundi aliposikia "kipimo" alisikia hesabu ya kupunguza, na upana kwake ulikuwa wa mita moja tangu kuzaliwa kwake. Neno moja, maana mbili, na picha hazikutuonyesha, maana kwenye picha reli ni reli.

Dada alikuwa upande wa Fundi. Garratt yake, yenye urefu wa sentimita 36, ilikuwa ya milimita 12. Basi mimi, mwenyeji, ndiye niliyekuwa nje.

Nilikaa kwenye kiti nikawaza kwamba watu wamesafiri bure. Fundi alikizunguka kipande changu mara mbili, kisha akasema, "Mbona kwetu hii ipo? Kidatu." Kidatu, mkoani Morogoro, ndipo reli ya mita inapokutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Behewa haliwezi kuvuka, kwa hiyo mzigo unashushwa upande huu na kupakiwa upande ule. Nikamwambia kwetu pia ipo: Naivasha, kontena linatoka kwenye SGR na kuingia reli ya zamani. Tukavisogeza vipande vikakaa sambamba, jukwaa moja katikati, reli yangu upande mmoja na yake upande mwingine. Mjukuu wa Mzee akakata vijisanduku vya kontena kutoka boksi la majani ya chai. Kufika saa tano tulikuwa na stesheni ya kuhamishia mizigo, na nasema kwa moyo mweupe kwamba ilikuwa nzuri kuliko chochote tulichokipanga.

Urefu wa miguu ya meza nao ulitofautiana, sentimita nne. Tuliweka vitabu.

Halafu stima ikapotea. Hapa fani ya Fundi ilituokoa. Treni yake na yangu zinatumia mfumo wa kawaida, volti 12 za moja kwa moja, na volti 12 ndizo zilizo kwenye betri ya gari. Tuliishusha betri ya gari langu, akaiunganisha kupitia kifaa alichokitengeneza mwenyewe cha kuongeza na kupunguza mwendo, tukaendelea. Garratt ya Dada ilisubiri. Yenyewe ni ya kidijitali: umeme na amri hupita pamoja kwenye reli, na dekoda iliyo ndani ya injini huchagua amri iliyotumwa kwa namba yake. Kituo chake cha kuongozea hakikukubali betri ile. Nilitaka pia kujaribu kuweka injini yangu kwenye mfumo wa Dada umeme utakaporudi, na Fundi alinishika mkono. Injini isiyo na dekoda ikiwekwa kwenye reli ya kidijitali huvuma ikiwa imesimama, na mota yake inaweza kuungua.

Umeme ulirudi alasiri, saa tisa. Dada akaiweka Garratt kwenye reli ya Fundi, akawasha sauti. Dekoda ile ina spika ndogo, na mngurumo wa mvuke ulijaa ukumbi. Tukamtazama Mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hii ni injini moja," akasema. "Zangu zilikuwa mbili."

Garratt ina boila moja katikati na mitambo miwili ya kuvuta, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mitambo hiyo haikufungwa pamoja. Mzee akaweka viganja viwili juu ya meza akaanza kupiga. Mwanzo vilipiga pamoja, kishindo kimoja kizito. Kisha cha kulia kikaanza kuchelewa kidogo kidogo, vishindo vikatengana, vikawa vya haraka na vyepesi, vikatawanyika kabisa, halafu polepole vikarudiana hadi vikawa kimoja tena. "Usiku, ukiwa Mombasa mjini umelala, ndivyo utakavyoisikia inapanda Mazeras," akasema. Alipiga kwa dakika tano labda. Dada alirekodi kwa simu, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Kisha Mzee akaomba kuishika. Vidole vyake vikapita juu ya boila, chumba cha dereva, vikafika nyuma na kusimama. "Nini hiki?"

"Makaa, babu," Dada akamjibu. Alikuwa amesaga makaa halisi na kuyagandisha kwa gundi, punje kwa punje.

"Makaa ya nini, mwanangu? Sisi tulichoma mafuta."

Picha ya makaa yale ilikuwa imetumwa kwenye kundi miezi saba kabla. Mjukuu alimweleza babu yake kwamba injini imependeza, ni nyekundu. Hakutaja makaa, kwa kuwa hakujua kwamba ni jambo la kutajwa. Dada alichukua wembe akayakwangua yote pale pale.

Matokeo

Yaliyofaulu yameshasomeka. Yaliyoharibika ni matatu, na mawili kati yake ni yangu.

Saa saba mchana, wakati wa chakula, niliweka mtandaoni picha yetu sote tukiwa ukumbini, uso wa Dada ukionekana wazi na jina la jengo likiwa ukutani. Nilikuwa na furaha, sikuwaza. Kumbe Dada hakuwa amewatangazia jamaa zake kwamba yuko nchini. Alikuwa na siku kumi tu, na alitaka kwanza kumwona mama yake aliyekuwa akiugua, kabla ya mambo ya harambee na karo kuanza. Kufika usiku ukoo mzima ulijua. Aliniandikia kwa upole kuliko nilivyostahili, akaniomba niiondoe. Niliiondoa, lakini simu zilikuwa zimeshaanza, na baadhi ya wazee wa kwao walimnunia kwa muda mrefu.

La pili ni pesa. Vitu vile kumi na kimoja vilimgharimu pauni 164. Fundi alilipa palepale, noti mkononi. Mimi nililipa baada ya wiki tatu, tena baada ya kukumbushwa. Mwanachama mmoja ambaye hata hakuhudhuria hajalipa hadi leo, na siku hizi akituma picha Dada hasemi neno.

La tatu ni kijana wa Kampala. Wiki mbili baadaye aliondoka kwenye kundi bila kuaga. Dada ndiye aliyemtafuta pembeni. Hakuwa na nauli. "Nitajitahidi" ilikuwa njia yake ya kuomba bila kuomba, nasi watu wazima wanne tuliisoma kama ahadi. Nauli ya basi kutoka Kampala ilikuwa chini ya gharama ya rangi nilizoagiza Uingereza.

Uchambuzi

Wengi wakiuliza kuhusu kukutana na marafiki wa mtandaoni huuliza habari ya usalama, na wana haki. Mpangilio wa Dada ulikuwa sahihi kwa kila kipengele: simu ya video kwanza, mahali penye watu, ndugu wa kuandamana naye, malazi yake mwenyewe. Naongeza jambo ambalo mwenyeji hulisahau. Tahadhari ya mgeni haimtukani mwenyeji. Desturi yetu ya ukarimu ilikua kati ya watu wenye jamaa za pamoja, ambapo mgeni alikuja akiwa ameshatajwa na shangazi fulani. Rafiki wa simu hana shangazi wa kumtaja. Makumbusho yalishika nafasi ya shangazi huyo kwa siku moja, na jioni yake Dada mwenyewe aliomba kuja kumsalimu mke wangu. Alikula ugali kwetu hadi saa tatu usiku. Ningemlazimisha siku ya kwanza, nadhani asingekuja kabisa.

Lakini hatari iliyokaribia kutuangusha haikuwa ya usalama. Ilikuwa ya mambo ambayo kila mmoja aliyaona wazi mno kiasi cha kutostahili kutajwa. Upana wa reli ulikuwa mmoja wao. Macho ya Mzee, nauli ya kijana, bei ya mizigo, na picha nani anaruhusu, vyote ni vya jamii hiyo hiyo. Mtandaoni tunaonana kupitia kile ambacho mwenzetu ameamua kukipiga picha, na tunajaza pengo kwa kujifikiria sisi wenyewe. Nilimjaza Fundi reli yangu. Nilimjaza kijana mshahara wangu.

Kwa upande wa ufundi, dawa ni rahisi na haina gharama. Siku hizi tuna ukurasa mmoja wa maandishi. Unasema upana wa reli kwa milimita, urefu kutoka sakafuni hadi juu ya reli na siyo hadi juu ya ubao, reli inatokea katikati ya ubao, volti 12 za kawaida kwenye njia kuu na kidijitali kwenye njia ya pembeni iliyotenganishwa. Neno "kipimo" peke yake halimo kabisa. Tunaandika "hesabu ya kupunguza" na "upana wa reli", hata kama ni maneno marefu.

Kwa upande wa watu dawa si ukurasa. Nauli tumeanza kuichangia bila mtu kuomba: kila anayekuja anatoa kiasi anachoweza, Fundi anagawa, na hakuna anayejua nani kapewa. Maagizo ya nje yanalipwa kwa M-Pesa kabla hayajanunuliwa. Picha yenye uso wa mtu haitoki mpaka mwenyewe aseme ndiyo, na haitoki siku hiyo hiyo.

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kwamba palikuwa na ubao wa kushughulikia. Tungekaa hotelini tukinywa chai, ile nusu saa nzito ya makumbusho ingeendelea kutwa nzima. Reli zilipokataa kuungana kila mtu alipata pa kusimama: Fundi na risasi yake, mjukuu na mkasi wake, mimi na betri. Mjukuu hasa. Alikuja kama macho ya babu yake, akaondoka akiwa ameagizwa kontena ishirini.

Nina shaka na jambo moja, nami naliacha wazi. Tulipogundua hali ya macho ya Mzee tulianza kumtumia ujumbe wa sauti badala ya picha, tukidhani tunamsaidia. Mjukuu aliniambia baadaye kwamba babu yake amepungua kuzungumza. Alipenda zile jioni za kuelezwa picha, wawili wao wakiwa kibarazani, naye akimuuliza mjukuu rangi ya hiki na kile. Tumerudi kutuma picha. Ila sasa chini ya kila picha anayeituma anaandika kila kilichomo, hadi makaa.

Kiti cha kijana wa Kampala bado hakina mtu. Behewa lake moja, la kijani na malai, alikuwa amelitanguliza kwa Fundi kwa mkono wa dereva wa lori, na liko Dar. Fundi hakubali liwekwe kwenye reli mpaka mwenyewe awepo.

Dada amekuwa akiifanyia kazi ile rekodi ya dakika tano. Ameweka spika ya pili ndani ya Garratt, moja mbele na moja nyuma, kila moja na dekoda yake, mwendo wa moja ukipungukiwa kidogo na wa nyingine. Mwezi uliopita alimtumia Mzee jaribio la tatu. Jibu lilikuja kwa mkono wa mjukuu, koma na nukta mahali pake: ya nyuma inachelewa mno, ipunguze.